Gauni la Namkunda

Karatasi iliyolowa ina harufu yake. Si ya kitabu kipya wala ya gazeti. Iko katikati ya uji uliopoa na ukuta wa udongo baada ya mvua. Kila Jumatatu naloweka karatasi nzito za wiki nzima, nazipanga moja juu ya nyingine, nazifunga kwenye nailoni na kuziacha zilale humo. Kesho yake napaka rangi ya maji juu ya bamba la plastiki, naisubiri ikauke, nalaza karatasi yenye unyevu juu yake, napitisha kwenye mashine ya kukandamiza, halafu nabandua. Picha inatoka moja tu, imegeuka, kushoto kumekuwa kulia. Nikirudia mara ya pili bila kuongeza rangi inatoka hafifu sana, na hiyo hafifu ndiyo ninayoipenda, kwa sababu naweza kukaa nayo mezani nikaiongezea rangi kwa mkono, polepole, mpaka iseme ninachotaka. Ndiyo kazi yangu. Naifanyia hapa hapa Same, nyuma ya nyumba, na inanilisha.

Wanaokuja kujifunza huniuliza nilianzia wapi. Huwa nawatajia chuo, maana ndilo jibu fupi. Lakini harufu ile sikuikuta chuoni. Niliikuta nikiwa darasa la tatu, kwenye chumba cha nyuma cha studio ya picha, na siku niliyoijua nilikuwa nimeharibu kitu cha watu ambacho hakikuwa na cha pili.

Nililetwa Same kwa sababu ya mapacha. Mama yangu alijifungua wadogo zangu wawili kwa mpigo kule kwetu Usangi, na nyumba ikajaa nepi, masufuria ya maji ya moto na wanawake waliokuja kusaidia. Wakubwa wakakaa, wakaamua niende kwa dada yake mama, Mama Mkubwa, mpaka mambo yatulie. Hakuna aliyeniambia mambo yangetulia lini. Kwa akili yangu ya miaka tisa nilipiga hesabu hivi: walikuwa na mtoto mmoja, wamepata wawili, yule mmoja wamemtoa. Sikulia. Niliiona ni hesabu inayoeleweka, na nikaona ni uungwana kwamba wamenipeleka kwa ndugu na siyo kwa watu baki.

Same niliiona ya ajabu. Usangi maji yalipita kwenye mfereji nyuma ya nyumba, unayasikia hata ukiwa umelala. Same maji yaliletwa kwa mapipa, yakafunikwa, na ukichota kikombe kizima kwa ajili ya kunawa mikono unaulizwa unamwogesha nani. Upepo ulivuma tangu saa nne asubuhi na kuingiza vumbi hata ndani ya sukari. Milima tuliiona vizuri sana kutoka pale mjini, yenye ukijani na mawingu juu yake, na sisi chini tukikaangwa.

Studio ilikuwa karibu na soko. Baba Mkubwa ndiye aliyepiga picha na kuzisafisha gizani. Mama Mkubwa ndiye aliyezitia rangi. Wa rika langu mtazikumbuka picha zile: nyeusi na nyeupe, lakini mashavu yana wekundu kidogo, kitenge kina rangi zake, na nyuma kuna anga la bluu hata kama mtu alipigwa mbele ya pazia. Picha za rangi zilikuwa zimeshaanza kupatikana mijini, ila zilikuwa za wenye nazo, na watu wa kwetu waliendelea kuleta hizi kwa Mama Mkubwa. Rangi zake zilikaa kwenye kijitabu. Kila ukurasa ulikuwa umeloweshwa rangi moja ukakaushwa. Alikata kipande cha ukubwa wa ukucha, akakitia kwenye kisahani chenye maji, na maji yakageuka. Alizungusha pamba kwenye kijiti, akaichovya, akaikausha nusu kwenye mkono wake wa kushoto, ndipo akaigusisha kwenye picha. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na mabaka ya rangi wakati wote, hata kanisani.

Nilikaa pembeni yake kila nilipotoka shule. Ukutani kulikuwa na picha ya babu yetu, ya zamani, ambayo haikuwahi kutiwa rangi. Siku moja nikamuuliza.

"Mama Mkubwa, babu alikuwa wa kijivu?"

"Babu yako alikuwa mweusi kama wewe. Nipe pamba."

Sikumwamini. Nilishaona kwa macho yangu watu wanaingia mle chumbani wakiwa wa kijivu na kutoka wakiwa na rangi, na aliyewapa ni yeye. Nilidhani zamani dunia nzima ilikuwa hivyo, ya moshi na majivu, mpaka walipopatikana watu wa kazi hii. Na nilidhani chochote alichopaka kilikuwa kweli kuanzia pale. Akipaka khanga nyekundu, basi ilikuwa nyekundu, hata kule ilikokuwa imekunjwa kwenye sanduku la mwenyewe. Ndiyo maana nilisikiliza kwa makini sana siku walipokuja wale wawili kutoka Myamba.

Walikuja mchana wa siku ya soko, mume na mke. Mwanamume alivaa koti la suti lililombana mabegani. Mwanamke alitoa kitambaa kutoka kwenye mfuko, na ndani ya kitambaa kulikuwa na kitabu cha nyimbo za kanisa, na ndani ya kitabu kulikuwa na picha. Msichana wa umri wangu amesimama mbele ya ukuta wa kanisa. Mikono ameishikanisha mbele. Gauni lake lilikuwa na kola kubwa na mkanda uliofungwa fundo ubavuni, na kichwa chake kilikuwa kimeinama kidogo upande mmoja, kama anayesikiliza kitu ambacho mpiga picha hakukisikia.

"Huyu ni Namkunda," mwanamke alisema. "Tulikuwa naye huyo mmoja tu."

"Poleni sana," Mama Mkubwa alisema. Aliweka kijiti chini. "Aliumwa?"

"Homa. Siku nne."

Picha ilikuwa imepigwa na mpiga picha wa kupita tu, wakati wa Krismasi, na hawakujua alikotokea wala alikokwenda. Walikuwa nayo hiyo hiyo moja. Kwa kawaida Baba Mkubwa angeinakili kwanza kwa kamera yake, ili rangi ipakwe kwenye nakala, lakini filamu zilikuwa zimeadimika na aliyokuwa amebaki nayo ilikuwa ya harusi ya Hedaru. Mama Mkubwa akawaeleza hivyo. Wakasema hawawezi kusubiri filamu, aipake hiyo hiyo.

"Haya. Gauni lilikuwa la rangi gani?"

"Njano," alisema mwanamke.

"Kijani," alisema mwanamume, kwa wakati ule ule.

Wakatazamana.

"Baba Namkunda, gauni nililishona mimi kwa mkono wangu."

"Na kitambaa nilinunua mimi. Nilisimama dukani hapa hapa Same, nikachagua kijani."

"Ulichagua kijani ukaambiwa kimeisha. Wewe mwenyewe ulinieleza uliporudi."

"Mimi? Nilikueleza hivyo lini?"

Mama Mkubwa akaingilia kwa upole. "Gauni lenyewe si lipo nyumbani? Mnaweza kuliangalia."

"Tulimzika nalo," mwanamke akasema.

Nje mtu alikuwa anatangaza nyanya. Mama Mkubwa akaichukua picha kwa ncha za vidole, akaitia ndani ya bahasha na bahasha ndani ya droo.

"Rangi hii ikishakaa haitoki," aliwaambia. "Nendeni nyumbani mkaongee bila haraka. Mkikubaliana, mmoja wenu aje aniambie."

Niliwafuata kwa macho kutoka mlangoni. Mwanamume alitangulia. Mwanamke alimfuata kwa nyuma, mbali kabisa, na walipofika kituo cha mabasi yeye akakaa upande mmoja wa benchi na mumewe akasimama upande mwingine akitazama barabara. Mimi nikajua kitu kimoja: picha ni moja na rangi ni mbili, na hawa watu hawatakuja kuongea tena.

Zikapita wiki mbili, hakuna aliyekuja. Nilikuwa nafungua droo kumtazama Namkunda kila Mama Mkubwa alipotoka kwenda sokoni. Nilimjua mpaka kifungo kilichokosekana kwenye kola.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Baba Mkubwa alikwenda Hedaru kwenye ile harusi. Mama Mkubwa alikwenda msibani, mtaa wa pili, akaniacha na makande jikoni na amri ya kutogusa kitu. Nilikaa kama nusu saa. Kisha nikakata kipande cha njano, nikakitia kwenye kisahani, nikaichukua picha.

Sikuwa na nia ya kuharibu. Nataka hili lieleweke hata sasa. Nilikuwa nimemwona Mama Mkubwa mara nyingi akikosea, akiwahi kuosha rangi kwa maji mengi kabla haijakaa, na rangi ikitoka. Na nilikuwa nimeona kwamba akikausha picha mbichi kwa karatasi, karatasi inaondoka na rangi. Nikaziunganisha hizo mbili. Nilipaka gauni la Namkunda njano, ya kutosha, mpaka ikasimama juu ya picha ikimeta. Nikachana ukurasa kwenye daftari langu la kuchorea, nikaulowesha kidogo ili unywe vizuri, nikaulaza juu, nikapapasa kwa kiganja. Nikabandua.

Gauni lilikuwa kwenye karatasi yangu. Lilikuwa hafifu, kingo zake zimetawanyika kidogo, lakini kola ilikuwepo, na mkanda, na fundo, ila fundo limehamia upande wa pili. Ndani yake hakukuwa na mtu. Nakumbuka ile harufu ya karatasi mbichi ilinipanda puani nikiwa nimeinama juu yake, na sijui kama nimewahi kufurahi vile tena kwa kitu nilichokifanya kwa mikono yangu.

Likabaki la kijani. Nikachota maji kwenye pipa, beseni zima, nikamlaza Namkunda humo ili njano imtoke. Ilichukua muda. Nikamtikisa, nikamsubiri, nikamtikisa tena. Alipotoka alikuwa mlaini na anateleza, na mimi sikujua maana ya ulaini ule. Nikapaka kijani. Nikalaza ukurasa wa pili na safari hii nikakandamiza kwa mgongo wa kijiko, kwa nguvu, picha nzima kuanzia chini hadi juu, kwa sababu nilitaka litoke vizuri kuliko la kwanza. Kisha nikasikia ngoma ya harusi inapita, nikaenda mlangoni kutazama. Niliporudi karatasi ilikuwa imeshikana na picha.

Nikavuta. Sehemu ya gauni ilibanduka salama. Juu ilipofika shingoni ikakataa. Nikavuta zaidi, na pakatokea mlio mdogo, kama wa ganda la yai. Uso wa Namkunda ukatoka, ukasagika vidoleni mwangu. Ulibaki weupe mtupu, paji la uso kidogo, na jicho moja.

Mama Mkubwa alinikuta nimekaa chini, picha iko kwenye mapaja yangu. Nilitegemea fimbo. Hakunipiga. Aliichukua picha, akaisogeza dirishani, akaitazama kwa muda mrefu bila kuvua hata khanga ya msibani.

"Umeiloweka?"

"Ndiyo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka njano ikatoka."

Akakaa kwenye kiti chake. "Nakiete," alisema, "huyu ni mtoto wa watu. Wenyewe hawana alama yake nyingine hapa duniani." Halafu akaziona zile karatasi mbili mezani, moja ya njano, moja ya kijani. Alizianika juu ya kamba, pamoja na picha iliyoharibika, kwa vibanio vile vile.

Baba Mkubwa aliporudi nilikuwa nyuma ya pazia. Nikamsikia akishauri kwamba wale watu wakija waambiwe picha imepotea, au panya, mambo ya panya hayana ubishi.

"Hapana," Mama Mkubwa alisema. "Nitakwenda mwenyewe Myamba nikawaambie."

"Utawaambia nini?"

"Kilichotokea. Na siendi mikono mitupu. Nakwenda na huyu."

Sikumsubiri amalize. Nilikuwa nimeshaelewa. Walikuwa na mtoto mmoja, mmoja tu, na mimi nimemwondoa. Kwetu Usangi wapo wawili. Mikono ya Mama Mkubwa isingekwenda mitupu, ingekwenda na mimi. Na kesho yake alipotia kwenye mfuko nguo zangu mbili, kandambili na mswaki, niliona amefanya haki. Aliongeza sukari na mchele, nikadhani hivyo ni vya kuwasaidia kunilisha siku za kwanza.

Tulipanda basi la asubuhi la kupitia Kisiwani, milima kulia kwetu na pori kushoto. Mama Mkubwa alibeba bahasha kifuani njia nzima. Mimi nilikuwa najifunza kuitikia jina la Namkunda kimoyomoyo. Namkunda! Abee. Namkunda, njoo! Naja, mama. Sikuona ugumu isipokuwa kwamba nilitamani ningeambiwa mapema, nimuage mwalimu wangu. Tukashuka Maore, kwenye joto na migomba, tukapata lori lililokuwa linapanda kuchukua mbao, na kwa kadiri lilivyopanda ndivyo baridi ilivyotuingia, mpaka nikajikunja ndani ya khanga ya Mama Mkubwa kama kifurushi.

Mama Namkunda alikuwa uani, anaosha tangawizi kwenye beseni. Mumewe alikuwa anazitandaza juu ya magunia. Niliwaamkia shikamoo, wakaitikia, wakatuingiza ndani, chai ya tangawizi ikaletwa. Mama Mkubwa hakuigusa.

"Sijaja kunywa chai kwanza," alisema. "Nimekuja na habari mbaya, na nikinywa nitazidi kuchelewa kuisema. Picha ya mtoto wenu imeharibika. Imeharibikia kwangu. Aliyeiharibu ni mwanangu huyu, lakini dhamana ilikuwa yangu." Akaitoa bahasha, akaiweka mezani.

Mama Namkunda aliifungua. Aliitazama picha. Aliirudisha mezani, akainuka, akatoka kwa mlango wa nyuma. Baada ya muda tukasikia panga linakata majani ya ng'ombe huko nyuma ya nyumba, kwa mapigo mafupi, bila kupumzika. Mama Mkubwa akataka kumfuata.

"Mwache," Baba Namkunda alisema. "Atarudi."

Tulikaa hivyo. Chai ikapoa. Baba Namkunda alikuwa ametoa vile vingine vilivyokuwa ndani ya bahasha, karatasi zangu mbili, na alikuwa amezishika magotini, moja moja, anazigeuza kama mtu anayetafuta mwanzo wa barua. Aliyeziweka humo ni Mama Mkubwa. Sikujua kwa nini.

Mama Namkunda aliporudi alikuwa na majani kwenye nywele. Alinawa mikono, akaifuta kwenye khanga, akachukua karatasi moja kutoka mkononi mwa mumewe. Ilikuwa ya kijani. Akaenda nayo mlangoni penye mwanga.

"Fundo la mkanda lilikuwa kulia," alisema.

"Linageuka," nikasema. "Ukibandua, linageuka."

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Ni wewe uliyefanya hivi?"

"Ndiyo. Nilitaka yawe mawili. La kwako na la baba. Nisamehe, mama."

Hakujibu kama amenisamehe au la. Aliendelea kulitazama gauni. Kisha akasema, siyo kwangu, "Lilikuwa kijani. Baba Namkunda, ulisema kweli."

Mumewe akatikisa kichwa. Yeye alikuwa ameshika la njano. "Hapana. Nimefikiri sana tangu siku ile. Kijani kilikuwa kimeisha dukani. Nilichukua njano."

"Unasema hivyo uniridhishe."

"Na wewe?"

Mama Namkunda alikuja akakaa kwenye benchi, karibu na mumewe, bega kwa bega, kila mmoja na karatasi yake.

"Uso wake, mama, sina namna ya kuurudisha," Mama Mkubwa alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Sikuwa nimewahi kuisikia hivyo.

"Uso ninao," alisema mwanamke yule. "Nalala nao, naamka nao. Gauni ndilo lililokuwa limeanza kunipotea." Akavuta kikombe, akamsogezea. "Kunywa chai sasa, imepoa."

Tulikula makande, tukalala pale. Kulikuwa na baridi, na Mama Namkunda akafungua sanduku akanipa sweta. Lilinienea sawasawa. Akanionyesha kitanda kidogo chini ya dirisha. Sikuhitaji kuelezwa vilikuwa vya nani.

Alfajiri niliamka kabla yao. Niliwaza kwamba kama nimekuja kukaa, heri nianze kazi bila kusubiri kutumwa. Nikachukua ndoo, nikafuata sauti ya mfereji, nikachota, nikarudi. Nikachota ya pili. Niliporudi na ya tatu nilimkuta Mama Namkunda yuko mlangoni anafunga khanga, na Mama Mkubwa nyuma yake akiwa ameshika mfuko wetu.

"Nani kakutuma?" Mama Namkunda aliniuliza.

"Hakuna. Mama, kile kitanda nitalala siku zote, au kuna kingine?"

Alisimama. "Umeniitaje?"

"Mama."

Wakatazamana wale wanawake wawili. Mama Mkubwa akaweka mfuko chini. "Wewe Nakiete, unaongea nini? Gari linatusubiri barabarani."

"Si ulisema huji mikono mitupu?" nikasema. "Ulisema unakuja na mimi."

Ni Mama Namkunda aliyechuchumaa mbele yangu na kunipokonya ndoo.

"Mama yako yuko wapi?"

"Usangi."

"Ana watoto wangapi?"

"Wawili. Mapacha."

"Wawili pamoja na wewe?"

"Wawili mapacha."

"Basi ni watatu," alisema. "Unasikia? Watatu. Na mimi wangu ni mmoja, ni yule yule, sitaki abadilishwe." Akacheka, cheko fupi la puani, akanishika kidevu. "Lakini kwa maji haya nashukuru. Na sweta nenda nalo. Kule chini halina kazi, ila Usangi kuna baridi kama yetu."

Walitusindikiza mpaka barabarani wote wawili. Picha iliyochanika walibaki nayo, na karatasi zote mbili. Gauni lilikuwa la rangi gani sijui mpaka leo, na sidhani kama wao walijua tena baada ya siku ile.

Maore tulisubiri basi kwa muda mrefu, kwenye kivuli cha duka. Mama Mkubwa aliniangalia mara kadhaa kama anayetaka kunikemea asijue aanzie wapi. Mwishowe akanivuta, akaniegemeza ubavuni kwake, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

"Nani alikwambia watu wanagawa watoto?"

"Hakuna. Nilihesabu."

"Ulihesabu vibaya. Jumamosi nakupeleka Usangi ukamwone mama yako na wadogo zako. Ukitaka kubaki huko, utabaki. Ni kwenu."

Nikafikiri. Nilimfikiria mama, na sauti ya mfereji, na wale wawili ambao sasa walikuwa na mkubwa wao. Nikafikiria pia gauni lilivyotokea kwenye karatasi, lenyewe, wakati mimi nimelishika kwa ncha mbili tu.

"Nitakwenda kuwaona," nikasema. "Lakini nirudi kwanza. Nataka nijue kubandua bila kuchana."

"Kubandua hata mimi sijui," Mama Mkubwa alisema. "Hiyo umeileta wewe."

"Basi tutajifunza."

"Na maji ya pipa langu je?"

"Nitatumia kikombe."

Alitazama barabarani, basi lilikokuwa linatokea na vumbi lake, akainua mfuko. "Nusu kikombe," akasema, tukapanda.